Mji Mwema na Milango Yake

Sisi tunaofundisha neno "utamaduni" mara nyingi husahau kuwaeleza wanafunzi kwamba asili yake ni Kiarabu, na kwamba limo katika ukoo mmoja na "madina", yaani mji. Kwa waliotuachia neno hilo, kustaarabika kulikuwa ni kukaa mjini. Lakini mji wa namna gani? Wanafalsafa na watawala, wa Mashariki na wa Magharibi, wamelijibu swali hilo kwa wino na kwa matofali, na majibu yao yafaa kutazamwa pamoja.

Tuanze na Baghdad. Mwaka 762 Khalifa al-Mansur aliamuru ujengwe mji wa duara kando ya mto Tigris. Wanahistoria wa Kiarabu wasimulia kwamba ramani yake ilichorwa ardhini kwa majivu, kisha mbegu za pamba zilizotiwa mafuta zikapangwa juu ya mistari na kuwashwa moto, ili Khalifa auone mji wake kabla haujakuwapo. Malango yalikuwa manne, yakielekea Kufa, Basra, Khurasani na Shamu. Katikati kabisa palisimama kasri lenye kuba la kijani, na msikiti ubavuni mwake. Duara hilo lilimfaa mtawala, mchuuzi halikumfaa. Yapata mwaka 774 masoko yalitolewa ndani ya kuta, kwa kuwa, inasemekana, Khalifa alihofia wapelelezi miongoni mwa wauzaji. Yakapelekwa Karkh, na shughuli za mji zikayafuata huko.

Kuba lile lilianguka mwaka 941. Mwaka uliofuata mwanafalsafa al-Farabi aliondoka Baghdad kwenda Shamu, akichukua kitabu chake juu ya Mji Mwema ambacho alikuwa hajakikamilisha. Ndani ya kitabu hicho twatafuta bure ukuta, barabara au mnara. Mji wake ni kama mwili wenye afya: mtawala ndiye moyo, na wengine ni viungo vinavyosaidiana ili wote waifikie furaha ya kweli. Wapo watakaouona huo kuwa upungufu. Sisi twauona kuwa ni busara, hasa kwa mtu aliyeishi miaka mingi katika mji ulioanza kwa duara kamili.

Mwingereza Thomas More alishika njia nyingine. Katika kitabu chake cha mwaka 1516, ambacho jina lake lilitungwa kutokana na Kigiriki kwa maana ya mahali pasipokuwapo, alieleza kisiwa chenye miji 54 iliyofanana hata aujuaye mmoja ameijua yote. Barabara zina upana wa futi 20, na nyuma ya nyumba mna bustani. Kila baada ya miaka kumi wenyeji hubadilishana nyumba kwa kura. Milango haina kufuli: husukumwa kwa mkono, hujifunga yenyewe, na yeyote huingia, maana hakuna kilicho cha mtu binafsi. Mtaliano Campanella, akiandika gerezani Napoli mwaka 1602, alizidi hapo; katika mji wake wa kuta saba za duara watu huhamishwa vyumba kila miezi sita.

Twakiri kwamba ukarimu wa More watuvutia. Aliandika wakati wakulima wa nchi yake walipokuwa wakifukuzwa mashambani ili kondoo wapate malisho. Hata hivyo mlango ule usiofungwa watutia shaka. Mgonjwa, mfiwa na mama anayenyonyesha watajisitiri wapi?

Katika karne ya 14 mwashi mmoja wa Tunis, Ibn al-Rami, aliandika kitabu cha hukumu za ujenzi kwa kufuata madhehebu ya Maliki. Yeye hakuchora mji wowote. Aliuliza iwapo dirisha jipya lachungulia ua wa jirani, iwapo mlango mpya umeelekeana na wa mwingine, iwapo moshi wa tanuri wawaudhi walio karibu. Hata upana wa njia, ambao hadithi mashuhuri yautaja kuwa dhiraa saba, wahusu pale watu wanapohitilafiana. Futi 20 za More zimekwisha kupimwa kabla mtu hajahamia. Dhiraa saba zangojea majirani wagombane. Mji uliokua hivyo una vichochoro vya giza na njia zisizotokea, tena mnyonge asiyeweza kumfikia kadhi hana pa kusemea. Hilo nalo tusilifiche.

Atakaye kuuona mlango wa namna hiyo karibu nasi, na aende Lamu. Katika nyumba za mawe za zamani mgeni hufikia kwanza dakani, penye mabaraza ya mawe huku na huku, akaketi. Akikaribishwa huvuka tekani, ambamo ukuta humkinga asiione kiwanda, yaani ua wa ndani, kwa mara moja. Aliyetoka njiani amepata kivuli na mahali pa kukaa, na aliye ndani hajaonekana.