Shirika mwamvuli: istilahi na kazi yake mpakani Busia

Wanachama wa shirika mwamvuli si watu binafsi, ni mashirika mengine: vyama, vikundi vya kujitolea, asasi za hisani. Lenyewe halichimbi kisima wala halilei yatima, maana hiyo ni kazi ya wanachama. Hufundisha waweka hazina kutunza vitabu, hufafanua sheria kwa lugha inayoeleweka, huwaunganisha wanachama na wafadhili, na huzungumza na serikali kwa niaba yao.

Tukisema “shirika la mwamvuli”, msomaji atadhani ni kiwanda. Ndiyo maana nomino mbili zimewekwa bega kwa bega, kama katika askari kanzu, na wingi wake ni mashirika mwamvuli, si mashirika miamvuli. Wapo wanaopendelea muungano, baraza au shirikisho. Shirikisho lina uzito wa kisheria: Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, ambayo Kenya iliiweka kabatini hadi Mei 2024 ndipo ikaanza kutumika, inaweka shirikisho la kitaifa la mashirika hayo. Muungano nao unaeleza walioungana bila kueleza wanachofanya. Mimi nabaki na mwamvuli, kwa kuwa ndani ya neno hilo bado kunasikika kivuli, na kwa kuwa mwamvuli lazima mtu aushike.

Watu wa Busia na Malaba hawahitaji kufundishwa kuunda maneno. Bodaboda ni neno la mpaka huu, la waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha abiria kati ya Kenya na Uganda. Siku hizi neno linalosikika zaidi ni chama. Wauza omena wana chao, wauza nafaka wana chao, wa mitumba vilevile.

Shida ni kwamba chama kimoja hakifiki mbali. Njia halali ipo: Februari 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha Busia, ambako maofisa wa nchi mbili huhudumia watu mahali pamoja. Kanuni za Jumuiya ya Afrika Mashariki nazo zinamruhusu mfanyabiashara mdogo kuvusha bidhaa za ukanda huu zisizozidi dola 2,000 kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa, bila kulipa ushuru wa forodha. Asiyejua hayo huona heri njia ya panya, na huko gunia linaweza kuishia mikononi mwa mtu mwingine. Hata anayejua bado anakabiliana na forodha, viwango, afya ya mimea na polisi. Wanawake kumi wa chama kimoja hawawezi kuziita ofisi zote hizo mezani.

Hapo ndipo shirika la EASSI lilipoingia. Mtandao huu wa Kampala, ulioanzishwa 1996 baada ya mkutano wa wanawake wa Beijing, umekuwa ukifanya kazi na vyama vya wanawake wafanyabiashara wa Busia: kuwaeleza kanuni na haki zao, na kufikisha malalamiko yao kwa wenye mamlaka. Faida ya kuungana ilionekana 2020. Korona ilipowazuia wavukao kwa miguu, malori yaliendelea kupita, hata kama foleni ya Malaba ilikuwa ya kilomita nyingi. Mwenye chama aliweza kuchanganya mzigo wake na wa wenzake katika lori moja. Wa peke yake alikaa nyumbani.

Lakini mwamvuli huweza kuvuja. KUSCCO, ulioundwa 1973, ni mwamvuli wa sacco za Kenya, yaani vyama vya akiba na mikopo. Si asasi za hisani, ila muundo ni ule ule. Ukaguzi uliotangazwa 2025 ulionyesha kupotea kwa zaidi ya shilingi bilioni 13, nyingi zikiwa akiba za sacco wanachama. Kuna pia uvujaji wa kimya zaidi: mwamvuli unaoomba ruzuku ile ile inayoombwa na wanachama wake, kisha unashinda kwa kuwa una mwandishi hodari wa maombi.

Kikundi cha Malaba, upande wa Kenya, chenye watu kumi kinaweza kusajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kikapata cheti na kufungua akaunti. Kujiunga na mwamvuli ni hiari. Kabla ya kulipa ada, katibu wa kikundi aombe katiba ya mwamvuli huo na hesabu zake zilizokaguliwa za mwaka uliopita, kisha atafute kifungu kinachosema nani hupiga kura kwenye mkutano mkuu.