Marufuku ya Mwaka 1974 na Matokeo Yake: Fursa na Changamoto za Teknolojia ya Habari nchini Tanzania

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa mashine ya Uingereza, aina ya ICT 1500, nayo ililetwa kwa ajili ya kazi ya hesabu za Serikali. Jambo hili lina uzito wake katika historia. Teknolojia hiyo haikuingia nchini kupitia maabara wala darasa, bali kupitia daftari la mapato na matumizi. Kwa hiyo tangu mwanzo ilipimwa kwa kipimo kimoja tu, yaani usahihi wa mahesabu. Kufikia mwaka 1974 nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba.

Mwaka huohuo Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Televisheni nazo zilikumbwa na marufuku hiyo, na ndiyo maana Tanzania Bara ilikaa bila kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ilhali Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Aliyehitaji kompyuta alilazimika kuomba kibali maalumu.

Kwa kawaida uamuzi huo huelezwa kwa njia mbili. Wapo wanaouona kuwa ni woga wa dola ya kijamaa mbele ya mambo mapya. Wapo pia wanaouhusisha na uhaba wa fedha za kigeni, hoja ambayo ina mashiko: bei ya mafuta ilikuwa imepanda baada ya mwaka 1973, ukame ulikuwa umepunguza mavuno, na chakula kililazimika kununuliwa nje. Katika hali hiyo, mashine ya kigeni ilionekana anasa. Hata hivyo, maelezo yote mawili yanaipita kando sababu iliyo karibu zaidi na Wizara ya Fedha yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wizara ilihamia kwenye mashine kubwa zaidi ya ICL, na uhasibu wa Serikali ukahamishiwa humo. Kazi ya kuubuni na kuusimamia mfumo huo ilikuwa mikononi mwa wataalamu wa kigeni, na wenyeji walishirikishwa kwa kiasi kidogo mno. Mfumo ulishindwa, na Serikali ikapata hasara.

Kiini cha tatizo kiko hapa. Mhasibu aliyezoea leja ya mkono huweza kulifuata kosa ukurasa kwa ukurasa hadi mahali lilipoanzia. Mhasibu huyohuyo akipewa karatasi iliyotoka kwenye mashine ambayo hakushiriki kuipangia kazi, hana njia ya kulifuata. Anabaki na jumla isiyolingana, na mwenye kuielewa amekwisha kurejea kwao. Kwa maana hiyo, kilichokosekana mwaka 1974 hakikuwa mashine bali watu wa kuihoji. Neno ngamizi, lililowahi kutumika kwa maana ya kompyuta, hadi leo huwakumbusha wasemaji wengi kitenzi angamiza. Iwe ndiyo asili yake au sivyo, mzaha huo haukukosa pa kushika.

Serikali iliutambua ugonjwa, lakini dawa iliyochaguliwa haikuufikia. Marufuku haifundishi mtu kazi. Ilizuia hasara nyingine ya aina ileile, na wakati huohuo ikazuia kukua kwa mafundi, wakufunzi na wauzaji wa vipuri, ambao hupatikana pale tu mashine zinapokuwapo. Inafaa kukumbuka kwamba mwaka 1974 ndio pia mwaka wa Azimio la Musoma, lililolenga elimu ya msingi kwa wote. Nchi iliyokuwa ikipanua darasa la kwanza kwa kasi kubwa ilikuwa ikifunga mlango wa ujuzi ambao watoto hao wangeuhitaji watakapokuwa watu wazima. Si haki kuwalaumu viongozi wa wakati huo kwa kutoliona hilo, kwani kompyuta ndogo ya mezani ilikuwa bado haijasambaa popote duniani. Lakini matokeo yake hayapungui kwa sababu hiyo.

Marufuku ililegea polepole katika miaka ya 1980. Mwaka 1984 wafanyabiashara waliruhusiwa kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986 misaada iliongezeka. Kompyuta nyingi ziliingia pamoja na miradi ya wafadhili, kila mradi na aina yake. Kwa njia hiyo kasoro ya awali ilirudi kwa sura nyingine: mradi ulipokwisha, mtaalamu aliondoka na mashine ikabaki chini ya turubai.

Mageuzi ya mawasiliano yalifuata. Sheria ya mwaka 1993 ililivunja Shirika la Posta na Simu, na TTCL ikawa kampuni inayojitegemea. Mwaka 1994 Mobitel ilianzishwa kuwa kampuni ya kwanza ya simu za mkononi. Sera ya Taifa ya TEHAMA ya mwaka 2003 iliitaja rasilimali watu miongoni mwa maeneo yake makuu, miaka 29 baada ya marufuku. Intaneti ilitegemea setilaiti, kwa gharama kubwa, hadi mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009 na ule wa EASSy mwaka uliofuata. Mkongo wa Taifa ukaunganisha mikoa na kuzifikia nchi jirani zisizo na bahari.

Hata hivyo, fursa kubwa zaidi haikupitia kwenye kompyuta. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, na mwaka 2014 Tanzania ilitangulia barani Afrika kwa mitandao yake kuanza kutumiana fedha moja kwa moja. Mkulima ambaye hajawahi kugusa kibodi alipata mahali pa kuweka akiba. Manufaa hayo yaliivutia pia Hazina: Julai 2021 iliwekwa tozo ya miamala, wananchi wakalalamika, na ilipofika Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30.

Suala la lugha halijapata uzito unaostahili. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Kazi hiyo ilithibitisha kwamba istilahi zinaweza kupatikana. Lakini shule za sekondari zinaendelea kufundisha kwa Kiingereza, na kijana hujifunza kompyuta katika lugha anayofanyia mtihani, si ile anayofikiria. Kosa linapotokea kwenye kioo, ujumbe wa kulieleza humjia kwa lugha ambayo huenda haielewi vizuri. Hali yake si tofauti sana na ya yule mhasibu wa miaka ya 1970.

Tofauti iliyopo ni kwamba mwaka 1974 aliyeumizwa na takwimu zisizo sahihi alikuwa Serikali, yenye uwezo wa kupiga marufuku. Leo anayeweza kuumia ni mtu mmoja mmoja, ambaye jina, alama za vidole na namba yake ya simu vimo katika mifumo asiyoiona. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa haki ya kudai taarifa zake zisahihishwe. Ilianza kutumika Mei 2023, miaka 58 baada ya kompyuta ya kwanza kuwashwa Wizara ya Fedha.