Miaka 50 ya Muungano wa Manerplaw

Mei 2026 ni miaka 50 tangu viongozi wa majeshi ya msituni wakutane Manerplaw, makao makuu ya Wakaren ukingoni mwa mto Moei, wakaunda Umoja wa Kitaifa wa Kidemokrasia wa Burma, NDF kwa kifupi. Ukivuka mto uko Thailand.

Waliokutana hawakuwa na lugha moja wala dini moja. Walikuwepo Wakaren, Wakarenni, Washan, Wakachin na wengineo. Wamon waliingia baadaye. Kinyongo chao dhidi ya Wabama, kabila kubwa la nchi, kilianzia kwenye Vita Kuu ya Pili. Wakaren na Wakachin wengi walipigana upande wa Waingereza, upande uleule wa askari wetu wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki waliosota bonde la Kabaw mwaka 1944, ilhali jeshi la Aung San, kiongozi wa Wabama, liliingia nchini pamoja na Wajapani na kuwageuka mwaka 1945 tu. Februari 1947, kule Panglong, Aung San aliwaahidi Washan, Wakachin na Wachin usawa ndani ya nchi moja. Wakaren walihudhuria kama watazamaji. Julai akauawa. Januari 1949 Wakaren wakashika silaha, na Jenerali Ne Win alipopindua serikali mwaka 1962, katiba nayo ikazikwa.

Jeshi likaja na mkakati wa kuwakatia waasi mambo manne: chakula, fedha, habari na vijana wa kuandikishwa. Vijiji vikahamishwa kwa nguvu, mpunga ukachomwa ghalani. Kundi moja lilipobanwa, jirani yake alipata nafasi ya kupumua, na akatulia kimya. NDF iliundwa kukomesha ukimya huo.

Fedha zilitoka mpakani. Ujamaa wa Ne Win ulikausha maduka, basi nguo na dawa zikapenya kutoka Thailand, ng'ombe na magogo ya msaji yakitoka, na kwenye kila kizuizi Wakaren walitoza ushuru. Magendo ya raia ndiyo yaliyolisha vita. Ne Win aliwafadhili maadui zake bila kujua.

Kwangu mimi, mwaka wa maana kuliko mapigano yoyote ni 1984. NDF iliacha kudai kujitenga, ikadai shirikisho. Ndiyo maana wanafunzi wa Kibama waliokimbia risasi za jeshi mwaka 1988 walipata pa kufikia: waliopokewa Manerplaw hawakuwa tena wanaingia kwa watu wanaotaka kuigawa nchi yao.

Ila muungano haukuweza kumzuia mwanachama kupatana peke yake, na majenerali walilijua hilo vizuri. Februari 1994 Wakachin walisaini kusitisha vita. Desemba, askari Wakaren wa Kibudha, waliochoshwa na uongozi uliotawaliwa na Wakristo, waliasi na kuungana na jeshi la serikali. Njia za msituni walizijua kama viganja vyao. Manerplaw ilianguka tarehe 27 Januari 1995.

Miungano mingine imezaliwa tangu hapo, na mwaka 2015 makundi manane, Wakaren wakiwemo, yalisaini mkataba wa kusitisha vita na serikali huku Wakachin wakikataa. Baada ya mapinduzi ya Februari 2021, wabunge walioondolewa madarakani walitangaza kuifuta katiba ya 2008 na kutoa hati mpya ya nchi wanayoitaka. Nchi hiyo ni ya shirikisho.