Haja Iliyowaleta Kanisani

Ogwedhi ni soko dogo katika kaunti ya Migori, mahali ambapo mashamba ya Wajaluo hupakana na malisho ya Wamasai wa Trans Mara, na Wakuria na Wakisii nao hawako mbali. Kwa miaka mingi nchi iliyoko kati ya mpaka huo na Ziwa Viktoria ilijulikana kwa jina la Nyanza Kusini. Leo imegawanyika kuwa kaunti za Migori na Homa Bay. Ni nchi yenye makanisa mengi. Mwenye kusafiri huko siku ya Jumamosi huwakuta Wasabato njiani, wamevaa nguo zao safi na kushika vitabu vyao. Siku ya pili yake huwakuta Wakatoliki, Waanglikana, Wamenonite, watu wa Roho wenye kanzu nyeupe, na watu wa Legio Maria waliovaa rozari shingoni, ambao huvua viatu kabla ya kuingia katika nyumba ya sala.

Ukiwauliza wahubiri kwa nini watu hawa wote wameacha kazi zao na kutoka nyumbani, watakujibu kwa habari za Mungu, na jibu hilo ni haki yao. Lakini mwandishi wa historia hakupewa mizani ya kupimia jambo hilo. Yeye hana budi kuuliza swali lililo dogo zaidi: mtu huyu, asubuhi ile ya kwanza alipokwenda kanisani, alikuwa na haja gani? Tukilifuata swali hilo katika Nyanza Kusini tutaona kwamba mara nyingi haja iliyomleta mtu kanisani haikuwa ile aliyoidhania mhubiri.

Tuanze na mwaka 1906. Mwezi wa Novemba mwaka huo Arthur Carscallen, mtu wa Kanada, na Peter Nyambo, mtu wa Nyasaland, nchi ambayo sasa inaitwa Malawi, walifika ukingoni mwa ziwa wakitumwa na kanisa la Wasabato, wakajenga katika kilima cha Gendia, karibu na Kendu Bay. Yafaa tulikumbuke jina la Nyambo, maana mara nyingi husimuliwa habari za Mzungu peke yake, kana kwamba Mwafrika aliyetoka mbali hivyo alikuwa mchukuzi wa mizigo tu. Carscallen alijifunza Kijaluo, akaandika sarufi yake. Misioni ilifungua shule, na baadaye ikawa na mtambo wa kupigia chapa. Katika miaka hiyo hiyo mapadre wa Mill Hill, waliokuwa wamefika Kisumu mwaka 1903, walikuwa wakienea kusini, nao wakajenga Asumbi.

Wajaluo waliwaita Wakristo wa kwanza josomo, yaani watu wa kusoma. Neno lenyewe lina asili ya Kiswahili, na linatuonyesha waziwazi jambo lililoonekana machoni pa majirani. Hawakuwaita watu wa sala wala watu wa maji ya ubatizo. Waliona vijana waliokaa chini ya mti na vibao vyao wakitamka herufi. Serikali ya Waingereza ilikuwa imekwisha leta kodi ya kibanda. Palikuwa na karani aliyeandika majina katika daftari, na mzee asiyejua kusoma hakuwa na njia ya kujua kama jina lake limeandikwa mara moja au mara mbili. Kijana aliyesoma aliweza kumsimamia babaye mbele ya karani huyo. Tena baadaye, watu walipokwenda kwa wingi kufanya kazi katika mashamba ya chai ya Kericho, barua ya mwana ilipofika nyumbani ilihitaji mtu wa kuisoma, na mama asingependa maneno ya mwanawe yapite katika masikio ya mgeni.

Wamishonari wengi wa zama hizo walinung'unika kwamba wanafunzi wao walipenda kitabu kuliko wokovu. Manung'uniko hayo yana ukweli ndani yake, walakini mimi siwaoni wanafunzi hao kuwa wanafiki. Kitabu walichofundishwa kusoma kilikuwa Injili. Agano Jipya katika Kijaluo lilipatikana mwaka 1926, na Biblia nzima mwaka 1953, na mtu aliyeingia kwa ajili ya herufi alikutana na habari za mtoza kodi aliyetubu, na za mjane mwenye senti mbili, akaona kwamba mambo hayo anayajua. Ni vigumu kuonyesha mpaka kati ya siku alipokuwa akitafuta elimu na siku alipoanza kusali kwa moyo. Pengine yeye mwenyewe asingeweza kuuonyesha.

Wala si wote waliovutwa. Mwaka 1913 katika Alego, kaskazini mwa ghuba, mtu aliyeitwa Onyango Dunde alitangaza kwamba nyoka mkubwa wa ziwani, jina lake Mumbo, alimmeza na kumtapika akiwa mzima, akampa ujumbe: dini ya Wakristo imeoza, na Wazungu watatoweka. Habari hizo zilivuka ghuba zikaenea Nyanza Kusini mpaka kwa Wakisii. Mwaka 1914, majeshi ya Wajerumani yalipoushambulia mji wa Kisii na Waingereza kuuacha kwa muda, watu waliingia katika misioni za jirani wakazipora. Serikali iliwafuata viongozi wa Mumbo kwa ukali, na baadhi yao wakahamishwa hadi Lamu. Msomaji asiwacheke watu hao. Walitaka kuambiwa kwamba fedheha iliyowapata ina mwisho, na hilo ni jambo ambalo makanisa ya siku zile hayakuwa tayari kulisema.

Haja ya namna nyingine ilijionyesha ng'ambo ya mpaka. Wajaluo wanakaa Kenya na Tanzania pia, kwa kuwa mstari uliochorwa na Waingereza na Wajerumani haukuwauliza walikotoka. Mwaka 1934 Wamenonite kutoka Marekani walifungua misioni Shirati, katika Tanganyika, si mbali na mpaka huo. Wamenonite ni Wakristo ambao asili yao ni Ulaya ya karne ya kumi na sita. Hukataa vita, na kwao kuoshana miguu ni sehemu ya ibada. Lakini huko Shirati, kwa miaka ya kwanza, Mzungu alibaki Mzungu na Mwafrika alibaki Mwafrika, kila mmoja kwake, ijapokuwa miguu ilioshwa. Mwaka 1942 uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 uliwafikia. Watu walisimama mbele ya wenzao wakakiri makosa yao: wizi, chuki, kuwadharau watu wa kabila jingine. Jambo la ajabu machoni pa wengi ni kwamba wamishonari nao walikiri. Zedekiah Kisare, Mjaluo wa upande wa Tanganyika, ambaye mwaka 1967 aliwekwa kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Wamenonite katika nchi hiyo, alisimulia baadaye katika kitabu cha maisha yake jinsi uamsho huo ulivyobomoa ukuta uliokuwako kati ya Wazungu na Waafrika. Mtu aliyechoka kuitwa boi, siku alipoitwa ndugu na mtu yule yule aliyekuwa akimwita boi, alipata kitu ambacho hakuna shule iliyoweza kumpa.

Sasa tufike kwenye habari iliyo nzito kuliko zote, nayo ni ya Gaudencia Aoko. Alikuwa mwanamke kijana, umri wake kama miaka ishirini, aliyelelewa katika imani ya Kikatoliki. Yasimuliwa kwamba mwaka 1963 watoto wake wawili walikufa siku moja. Kwa watu wa mahali pale, msiba wa namna hiyo haukuwa bahati mbaya tu. Palikuwa na mkono wa mchawi. Mama huyo alikuwa na njia mbili zilizozoeleka. Angeweza kwenda kwa mganga na kutoa ng'ombe ili alipe kisasi, na hofu ingezaa hofu nyingine. Au angeweza kwenda misioni, ambako angeambiwa kwamba uchawi haupo, jambo lisilomfariji mtu aliyetoka kuwazika wanawe. Hakuridhika na njia hizo. Alitoka akahubiri kwamba uchawi upo na kwamba Mungu ana nguvu kuushinda, akawaambia watu walete hirizi zao zichomwe moto.

Aoko na Simeo Ondeto, ambaye naye alitoka katika Ukatoliki, ndio waliojulikana zaidi katika kuanzishwa kwa Legio Maria. Maelfu ya watu waliwafuata katika miezi ile ile ambayo Kenya ilikuwa ikijiandaa kupata uhuru. Wakatekumeni waliokuwa wakingoja ubatizo muda mrefu walibatizwa mara. Wenye wake wengi, ambao misioni iliwazuia wasikaribie sakramenti, walipokewa. Mwanamke alisimama akabatiza na kuongoza sala. Wala hawakukitupa walichokipenda katika kanisa la kwanza: rozari, sanamu, hata Kilatini. Jambo moja hapa linachekesha kidogo: Roma yenyewe, kwa Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliofanyika tangu mwaka 1962 hadi 1965, ilifungua mlango wa kuiacha lugha hiyo katika misa, na wakulima wa Migori wakaendelea kuitumia. Baadaye wanawake waliwekewa mipaka katika uongozi, na Aoko akajitenga. Ondeto, ambaye wafuasi wake humwona kuwa Masiya, alifariki mwaka 1991, na kaburi lake lipo Got Kwer katika Migori, ambako mahujaji huenda hata leo.

Mtu anaweza kuyakataa mafundisho ya Legio Maria, na Wakristo wengi huyakataa. Lakini ni lazima tukubali kwamba mama yule alikuwa na swali, na kwamba watu wengi walikuwa na swali lile lile kifuani na hawakuwa wameulizwa.

Mwaka 1966 F. B. Welbourn na B. A. Ogot walitoa kitabu juu ya makanisa mawili ya Kenya ya magharibi yaliyojitenga na misioni. Mojawapo ni lile lililoanzishwa mwaka 1957 na Matthew Ajuoga, ambalo watu wake huitwa Johera, watu wa upendo. Waandishi hao walikipa kitabu chao jina la Kiingereza lenye maana ya mahali pa kujiona uko nyumbani. Naona hawakukosea. Kwa mjane aliyekataa kurithiwa na ndugu ya marehemu mumewe, kanisa lilikuwa kweli nyumba ya pili, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa imemfungia mlango. Na tangu miaka ya 1980, ukimwi ulipoingia katika vijiji vya ziwani na kuwaacha watoto mikononi mwa bibi zao, akina mama wa kanisa ndio mara nyingi waliopika matangani, wakakesha na wafiwa, na kuwatafutia yatima sare za shule. Watu wa Homa Bay na Migori walizika sana katika miaka hiyo. Aliyekuja kanisani kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumsaidia kuzika, hana haja ya kuona haya kwa sababu hiyo.

Turudi Ogwedhi. Mpaka ule kati ya Wajaluo na Wamasai una historia ya ng'ombe walioibwa usiku na ya mishale na mikuki iliyofuata mchana. Katika robo ya mwisho ya karne ya ishirini Wamenonite, ambao imani yao ilikuwa imevuka kutoka Shirati mikononi mwa Wajaluo wenyewe, walianzisha hapo kazi ya maendeleo, wakaipa jina la Ogwedhi-Sigawa ili pande zote mbili za mpaka zitajwe pamoja. Ugomvi wa ng'ombe haukukoma kwa sababu ya jina. Lakini fikiri ibada ya kuoshana miguu inamdai nini mtu wa mahali pale. Yampasa avue viatu, akae kwenye benchi, na aache mguu wake ushikwe na mtu ambaye pengine babaye alimfukuza babaye yeye akiwa na mkuki mkononi. Kisha wabadilishane nafasi, na maji ni yale yale katika beseni.