Shighatini: Miaka 125 ya Misheni Milimani Upare

Mwaka 2025 ilitimia miaka 125 tangu Walutheri wa Misheni ya Leipzig wafungue Shighatini, kituo chao cha kwanza katika Milima ya Upare. Walikuwa wameanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, na njia yao haikuwa nyepesi: Oktoba 1896 wamisionari wawili, Karl Segebrock na Ewald Ovir, waliuawa huko Akeri, Meru. Hata hivyo mwaka 1900 wenzao walipanda Upare ya Kaskazini, na baada ya Shighatini vikafuata vituo vya Upare ya Kusini, kama Gonja na Mbaga.

Milima waliyoipanda ilikuwa na wenyewe. Ugweno, huko Upare ya Kaskazini, ilisifika kwa uhunzi wa Washana, ambao chuma chao kiliuzwa hadi Uchagani. Vijana waliingizwa utu uzima katika msitu wa jando, mshitu, na kila ukoo ulikuwa na mpungi wake, kichaka kitakatifu ambamo mafuvu ya wazee waliotangulia yalihifadhiwa na hakuna aliyethubutu kukata hata ufito. Palikuwa na ndiva pia: bwawa dogo la mawe na udongo linalokusanya maji ya kijito usiku kucha, asubuhi likazibuliwa, na kila mkulima akapata maji kwa zamu yake. Misheni iliupiga vita mshitu, na ugomvi huo ulizigawa familia nyingi. Nami naona ni haki kuyataja haya katika kumbukumbu ya kanisa, kwa sababu waliobatizwa walitoka katika koo hizohizo na waliendelea kunywa maji ya vijito vilevile vilivyotunzwa na vichaka vya wazee wao.

Kisha ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yaliteremka kutoka Moshi yakifuata reli, Same ikatwaliwa, na mwaka 1920 Waingereza wakawarudisha wamisionari wa Leipzig kwao Ujerumani. Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie. Majengo hayasali yenyewe. Waliobaki kufundisha watoto kusoma, kuzika wafu na kuongoza sala walikuwa walimu na wazee wa kanisa wenyeji, mpaka Walutheri wa Sinodi ya Augustana kutoka Marekani walipokuja kusaidia, na Wajerumani wenyewe wakarudi katikati ya miaka ya 1920. Vita ya Pili ya Dunia ilipozuka mwaka 1939 Wajerumani wakaondolewa tena, na mzigo ukarudi mabegani mwa walewale. Vitabu vya misheni vimewataja wageni kwa majina kamili. Walimu hawa nao wanastahili majina yao yaandikwe, na kazi hiyo ifanyike wakati wajukuu wao wapo na wanakumbuka.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Juni 1963 makanisa saba yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Dayosisi ya Pare ikapatikana mwaka 1975, na baadaye Dayosisi ya Mwanga ikazaliwa kutoka humo. Askofu wake wa kwanza, Chediel Sendoro, alifariki katika ajali ya gari Septemba 2024, na msiba ule bado haujapoa.

Anayetaka kuzuru Shighatini apande kutoka Mwanga mjini, kwa barabara ya kona nyingi inayoacha joto la tambarare na kuingia kwenye migomba na kahawa. Kukiwa kweupe, Bwawa la Nyumba ya Mungu linaonekana chini upande wa magharibi. Mlima Kindoroko, wenye mita 2,113, ndio mrefu kuliko yote ya Upare ya Kaskazini, na msitu wake ndio mama wa maji ya vijiji vingi. Kichaka cha mpungi kisiingiwe bila ruhusa ya wenye ukoo.

Afadhali afike Jumapili, wala asiharakishe kuondoka ibada ikiisha. Nje ya kanisa mzee husimama na sadaka za mavuno: mkungu wa ndizi, mayai kwenye kikapu, jogoo aliyefungwa miguu. Mnada huanza, bei hupanda kwa vicheko, na mgeni anaruhusiwa kununua.