Tanbihi Chini ya Jedwali: Namna ya Kusoma Takwimu za Maktaba za Utafiti

Kila mwaka maktaba kubwa za vyuo vikuu vya Marekani na Kanada hujaza dodoso la Jumuiya ya Maktaba za Utafiti, maarufu kwa kifupisho ARL. Kazi hiyo ni ya zamani kuliko jumuiya yenyewe, iliyoundwa mwaka 1932. James Gerould, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Minnesota, alianza kukusanya takwimu hizo kwa mwaka wa masomo wa 1907–08 na akahama nazo alipokwenda Princeton mwaka 1920. Princeton ikazitunza hadi ARL ilipozipokea mwaka 1961–62. Ni taasisi chache za elimu ya juu zinazoweza kujivunia mfululizo wa namba wenye umri wa zaidi ya karne. Lakini umri huohuo ndio mtego. Majina ya safu za jedwali yamedumu, wakati vitu vinavyohesabiwa chini ya majina hayo vimebadilika mara kadhaa. Ndiyo maana nadai kwamba ushahidi wenye uzito zaidi katika taarifa hizi umo katika maelekezo ya kujaza dodoso na katika tanbihi, kurasa ambazo wasomaji wengi huziruka.

Tuchukue juzuu, kipimo kilichotawala karne ya 20. Kwa mapokeo ya ARL, juzuu ni kitu kimoja kinachoshikika, kilichoorodheshwa na kuwekwa tayari kwa matumizi. Mikrofilamu na ramani hazimo, wala vitabu ambavyo bado havijaorodheshwa. Majarida yaliyojalidiwa yamo. Kwa hiyo maktaba inayojalidi matoleo ya mwaka mzima katika jalada moja huandika juzuu moja, na jirani yake anayeyagawa mawili huandika mbili, ingawa kurasa ni zilezile. Maktaba yenye shehena ya vitabu vya lugha adimu vinavyomsubiri mworodheshaji huonekana ndogo kuliko ilivyo. Kuna pia suala la nani amehesabiwa: dodoso huuliza kama takwimu za maktaba ya sheria na ya tiba zimejumuishwa, kwa kuwa vyuo vingine huziendesha kwa bajeti tofauti. Upande wa Kanada, matumizi hugeuzwa kuwa dola za Marekani kabla ya kulinganishwa, hivyo maktaba yaweza kushuka daraja kwa sababu ya soko la fedha tu, bila kupunguza hata kitabu kimoja.

ARL yenyewe ililitambua tatizo. Kwa miaka mingi ilitumia kipimo cha pamoja kilichounganisha idadi ya juzuu, juzuu zilizoongezwa, majarida yanayopokelewa, matumizi yote na idadi ya watumishi. Vifurushi vya majarida ya kielektroniki vikakivuruga, kwa sababu jarida moja huweza kuingia maktabani kupitia wauzaji watatu na kuhesabiwa mara tatu. Mwaka 2006–07 hesabu ya majarida ilihamishwa kutoka usajili kwenda majina ya majarida, na kipimo kipya kikajengwa juu ya matumizi, mishahara na watumishi. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, ila tuukubali kwa jina lake halisi: kinachopimwa sasa ni uwekezaji. Anayekitaja kipimo hicho kama cheti cha ubora wa maktaba anakidai jambo ambalo hakikuliahidi.

Kwa matumizi ya majarida ya kielektroniki, mhesabu ni mchapishaji, yaani muuzaji wa bidhaa ileile. Kanuni za mradi wa COUNTER, ulioanzishwa mwaka 2002, zipo ili kumdhibiti. Mwanafunzi akifungua makala kwenye skrini kisha akaipakua kwa PDF, hayo ni maombi mawili katika jumla, lakini ombi moja katika hesabu ya makala za kipekee, iliyoletwa na toleo la tano la kanuni lililoanza kutumika mwaka 2019. Kabla ya hapo, tovuti iliyomlazimisha msomaji kupitia skrini kwanza ilijipatia matumizi makubwa bila kuongeza msomaji. Miungano ya maktaba kama KLISC ya Kenya na COTUL ya Tanzania ina sababu ya kuuliza ni hesabu ipi kati ya hizo mbili imewekwa mezani bei inapojadiliwa.

Yaweza kusemwa kwamba mkutubi mkuu anayetetea bajeti mbele ya uongozi wa chuo anahitaji namba, si somo la tanbihi. Ni kweli, na ndiyo sababu achague kwanza maktaba zinazohesabu kama yeye. Ulinganisho usio wa haki huangushwa na mhasibu wa kwanza atakayeuchunguza. Wengine wanashauri tuachane na kuhesabu mali, tuwaulize watumiaji, kama dodoso la LibQUAL+ linavyofanya tangu mwaka 2000. Ila dodoso hilo hupima pengo kati ya huduma anayoiona mtu na kiwango cha chini anachokivumilia, na aliyezoea kidogo huridhika upesi.

Pingamizi zito zaidi linasema kwamba makosa ya kila maktaba hujirudia, kwa hiyo mwelekeo wa miaka hubaki sahihi. Hoja hii inasimama pale tu njia ya kuhesabu isipoguswa. Tazama maswali ya dawati la marejeo, yaliyopungua sana tangu miaka ya 1990. Swali la kuulizia ngazi au mashine ya kunakili halihesabiwi, na maktaba inaruhusiwa kukadiria mwaka mzima kwa sampuli. Iwapo maktaba imeacha kuandika kila swali na kuanza kukadiria kwa wiki moja ya kawaida, au watumishi wamekuwa wakali zaidi katika kutenga maswali ya kuelekezwa njia, sehemu ya mporomoko huo imetoka kwenye kalamu. Kwamba wasomaji walihamia intaneti hakuna anayebisha. Ni wangapi, hilo halijulikani bila kusoma jinsi kila maktaba ilivyohesabu mwaka ule.