Kuvua, Kuiga, Kupaa: Historia Fupi ya Kitenzi cha Kiingereza na Mtihani wa Mfasiri

Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, alitambua kwamba vitenzi vya Kiingereza vinavyogeuzwa maana na kijineno kinachoviandama ndivyo vinavyomtatiza mno mgeni. Makala haya yanachunguza kitenzi kimoja cha aina hiyo, take off, kwa nia ya kuonyesha kwamba wingi wa maana zake si vurugu bali ni historia.

Maana ya msingi ni kuondoa kilicho juu ya kingine: nguo huvuliwa, chungu hufunuliwa, bei hupunguzwa. Kutokana na maana hiyo zilizuka nyingine. Katika Macbeth, tamthilia ya Shakespeare ya mwanzoni mwa karne ya 17, nomino itokanayo na kitenzi hiki yamaanisha kuuawa kwa Mfalme Duncan, yaani kuondolewa duniani. Baadaye kitenzi kilitumiwa pia kwa kumwiga mtu kwa dhihaka, na kwa kuruka kutoka ardhini. Eropleni zilipovumbuliwa, zilikirithi. Hatimaye W. W. Rostow, mwanauchumi Mmarekani, katika kitabu chake The Stages of Economic Growth (1960), alikitumia kuitia jina hatua ambapo uchumi wa nchi huanza kujikuza wenyewe.

Hapa ndipo mfasiri wa Kiswahili anapotahiniwa. Aghalabu husema kwamba uchumi umepaa. Lakini Kiswahili kina pia kupaa samaki, yaani kumwondoa magamba. Vitenzi hivi viwili vyetu vinafanana kwa sauti tu, ilhali maana za Kiingereza zina shina moja. Hata hivyo, sadfa hiyo ina funzo. Kipaacho angani ni mtenda. Samaki ni mtendwa, na kisu ki mkononi mwa mwingine. Sitiari ya Rostow yautaja uchumi kama mtenda pekee, ikawaficha wanadamu walio ndani yake. Mhakiki hana budi kuuliza: uchumi unapopaa, ni nani aliyeabiri, na ni nani anayeondolewa magamba?

Kwa hivyo, kumkabidhi mwanafunzi orodha ya visawe hakutoshi. Yafaa afunzwe kumtafuta mtenda na mtendwa kwanza, ndipo achague kitenzi.